Jina Atakaloitwa Baba

Yogyakarta, 3 Septemba 1986

Ito, dada yangu,

Pokea salamu zangu na za Duma, mke wangu. Sisi tu wazima, isipokuwa uchovu, ambao katika mji huu huhesabiwa kuwa dalili ya uhai. Chumba chetu cha kupanga kinavuja palepale nilipopanga vitabu. Nimevihamishia kitandani, nasi tunalala ukingoni kama wageni wa wanafalsafa. Chuoni bado mimi ni mwalimu msaidizi, maana yake nasahihisha mitihani ambayo mwalimu mkuu hataki kuiona. Natumaini macho ya Baba hayajazidi kuingia ukungu, na kwamba vitunguu vimestahimili jua la mwaka huu.

Sasa neno lenyewe. Duma ana mimba ya miezi minne.

Sitaandika mengi kuhusu furaha, kwa kuwa unanijua: jambo likinigusa, mimi hulijadili. Na hili linahitaji kujadiliwa, kwa sababu jina la mtoto huyu halitakuwa lake peke yake. Siku atakapolipata, mimi nitaacha kuwa Marihot niwe Baba Fulani, Duma awe Mama Fulani, na Baba, ambaye tangu uzaliwe wewe kijiji kizima hakijamwita ila Baba Rumondang, atakuwa Babu Fulani hadi kaburini. Jina moja, watu wanne. Hata mimi nawe, kaka na dada, huitana ito tu. Nimesoma habari za mataifa ambamo mzazi humchagulia mwanawe jina kama anavyojichagulia shati. Nawaonea wivu, wala siwaelewi.

Najua Baba anavyongoja. Wenzake wa rika wote ni mababu. Yeye ana miaka sabini na mitatu na bado anaitwa kwa jina la binti yake, kama kijana aliyeoa juzi. Mzee akifa katika hali hiyo, sisi humzika kama tunda lililoanguka kabla ya kuiva: ngoma hazipigwi. Kwa hiyo sitaki kumtwisha jina asilolipenda. Msomee haya mawili, kisha uniandikie asemavyo, neno kwa neno.

La kwanza ni Sahala, yaani ile heshima iliyomo ndani ya mtu mkubwa, ambayo hufanya watu wainame bila kuamrishwa. La pili ni Merdeka, yaani uhuru. Hilo lafaa mtoto wa kiume na wa kike, na lina historia.

Akikubali mojawapo, shauri limekwisha.

Ndugu yako,
Marihot


Lumban Dolok, 28 Septemba 1986

Ito, mdogo wangu,

Barua yako ilikaa Pangururan siku sita kwa sababu karani wa posta alikuwa na harusi. Tumeipata. Tu wazima. Vitunguu vimeoza nusu, na nusu vimekataa kuoza, tunavila hivyohivyo. Nafuma kutwa, na kiuno kinaniuma upande ambao zamani hakikuniuma. Mama Poltak, jirani yetu, anakusalimu na kuuliza kama huko mnakula samaki au mnasoma tu.

Duma ale, na asinyanyue ndoo.

Nimemsomea Baba. Alikuwa barazani na kiko chake. Nilipofika kwenye Sahala akakitoa mdomoni.

"Jina hilo ni zito," akasema. "Mtoto mwenye jina zito huugua mpaka apunguziwe. Halafu mimi niitwe Babu Sahala? Na suruali hii ya viraka viwili? Watu watainama, kweli, lakini watakuwa wanaficha kicheko."

Nikamwambia liko la pili, Merdeka.

"Hilo tulilipigia kelele mwaka wa arobaini na tano mpaka sauti zikatukauka. Nikiitwa Babu Merdeka, kila anayepita njiani atadhani ni lazima anyanyue ngumi. Nitachoka kuitikia. Hapana."

Basi ni hapana mbili. Usimkasirikie, ni mzee. Tafuta mengine, wala usikimbie. Mimba ni miezi tisa.

Rumondang


Yogyakarta, 24 Oktoba 1986

Ito,

Salamu kwako, kwa Baba, na kwa Mama Poltak, ambaye umwambie kwamba huku samaki wapo lakini hawana ladha ya kwetu. Duma anatapika asubuhi na kutamani adhuhuri. Juzi alilia kwa kutaka samaki wa ziwani mwenye ile pilipili yetu inayotia ganzi ulimi. Mama mwenye nyumba, Mjava mpole sana, akamletea uji wa sukari. Watu hawa hutia sukari hata kwenye huzuni.

Nimezisoma hoja za Baba, na naomba ruhusa kuzijibu. Hoja ya jina zito si yetu. Ni majirani zangu wa hapa wanaoamini kwamba jina likimzidi mtoto humfanya augue. Sijui Baba ameitoa wapi katika uzee huu. Ama Merdeka, mtu aliyepaza sauti kwa ajili ya neno, akaponea chupuchupu, hana haki ya kulionea haya mbele ya wapita njia. Na kuhusu suruali: heshima haiko katika suruali. Nadhani hilo halihitaji ushahidi.

Hata hivyo nimetafuta upya. Ronggur, yaani radi. Na Nalar, yaani ile akili inayopima mambo kabla ya kuyakubali. Hili la pili ndilo nilipendalo kuliko yote, na ndilo ninalotabiri kwamba litakataliwa, kwa kuwa watu wa kwetu hupenda jina lenye nuru, lenye mali au lenye baraka, kana kwamba kufikiri si baraka.

Duma amesoma juu ya bega langu. Ameuliza, "Wewe unataka mtoto au unataka mdahalo?" Nikamjibu kwamba mtoto ni mdahalo mrefu. Akasema, "Basi mzae wewe," akanigeuzia mgongo.

Marihot


Lumban Dolok, 22 Novemba 1986

Ito,

Tu wazima. Mvua imeanza na njia ya kwenda sokoni imekuwa uji. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya msiba, nao nitauandika chini.

Ronggur ni babu wa babu yake Baba. Jina lake halitajwi ovyo, sembuse kumwitia mtoto anayekojoa kitandani. Umesoma habari za mataifa yote ukausahau ukoo wako. Hili sikuhitaji hata kumwuliza Baba.

Nalar nilimsomea. "Hiyo ni dawa ya kikohozi?" akauliza. Nikamweleza maana yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Na mtoto akiwa mjinga je? Yeye hawatamcheka, ni mtoto. Watanicheka mimi." Basi.

Msiba ulikuwa wa Babu Saulina, yule wa ng'ambo ya mashamba, aliyekuwa akichunga nyati pamoja na Baba walipokuwa wadogo. Amezikwa kwa ngoma siku mbili, wajukuu kumi na wanne wakicheza kuzunguka jeneza. Baba alisimama nyuma, pamoja na wanaume wa miaka arobaini. Aliporudi hakula. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema miguu tu.

Kitambaa kiko kwenye mti wa kufumia na kuna mwanga kidogo bado. Niache nikifanye.

Rumondang


Yogyakarta, 13 Desemba 1986

Ito,

Heri ya Krismasi. Duma amevimba miguu na daktari amemkataza ngazi, lakini chumba chetu kiko juu, kwa hiyo amekatazwa dunia. Sina hamu ya kuandika, na unajua kwamba hilo kwangu ni ugonjwa.

Kuhusu Ronggur, umenishinda. Nimeona haya kiasi cha kutosha, na naomba tusilirudie.

Hapa nakutumia jina moja. Tiur, yaani angavu. Ni jina la kawaida kabisa. Nusu ya kwaya ya kanisa letu la hapa ni akina Tiur. Naliandika kama mtu anayesalimisha bunduki. Halina hoja ndani yake, halina radi, halina historia. Baba akilikataa na hili, nitajua kwamba anachokikataa si majina.

Marihot


Lumban Dolok, 18 Januari 1987

Ito,

Mwaka mpya mwema kwenu wawili na nusu. Nilikuwa na kitambaa cha harusi cha kumalizia, ndiyo maana nimechelewa. Baba anakohoa asubuhi. Si kitu cha kukutia wasiwasi.

Habari ya Tiur ni kwamba Babu Tiur yupo tayari, yule wa kinu cha mpunga. "Kwenye sherehe wakiita Babu Tiur tutainuka wawili," Baba amesema, "na yule ana magoti mazima. Nyama ataifikia yeye."

Marihot, si kwamba wewe unakataliwa. Mtu akikaa ndani ya jina muda mrefu, kulivua ni kazi. Sijui kusema zaidi ya hapo. Usilete jingine kwanza. Ngoja mtoto azaliwe, umwone uso.

Duma alale kwa ubavu wa kushoto. Mama Poltak ndiye aliyesema.

Rumondang


Yogyakarta, 15 Machi 1987

Kwa Baba yangu, isomwe na Mzee Jonggi wa kanisa letu

Baba,

Nakuamkia kwa heshima zote. Nimemwomba Mzee Jonggi akusomee, kwa sababu dada yangu amebebeshwa kazi ya kuandika hapana zako miezi mingi, nami naona haya kumtuma tena.

Mjukuu wako amezaliwa. Ni msichana. Leo ana siku thelathini na moja. Sitasingizia posta: nilikaa kimya kwa makusudi. Alizaliwa baada ya uchungu wa saa ishirini, ambao nusura uninyang'anye mke. Muuguzi akaniuliza, "Jina?" Nikasema bado. Mchungaji akaniuliza, nikasema bado. Mama mwenye nyumba hawezi kustahimili mtoto asiye na jina. Huniuliza kila asubuhi akileta maji ya moto, na kila asubuhi mimi, mtu mwenye shahada, nasimama mlangoni sina jibu. Tunamwita Butet, kama watu wetu wanavyomwita mtoto yeyote wa kike asiyepewa jina bado. Ameanza kuitikia.

Nilikupa majina matano, Baba. Moja lilikuwa kosa langu, nami nililikiri. Manne uliyajibu kwa mizaha. Nimejiuliza kama mtoto wa mtu anaweza kuwa kigingi cha kutundikia kofia ya babu yake, na nimeona kwamba hawezi. Nilidhani unangoja mjukuu. Naona ulikuwa unangoja sifa. Kama ndivyo, jichagulie mwenyewe jina utakaloitwa uliandike langoni. Mimi nitamchagulia mwanangu lake, na watu waendelee kukuita Baba Rumondang hadi siku ya mwisho.

Naandika haya nikiwa na akili timamu, na nimechoka.

Mwanao,
Marihot


Lumban Dolok, 8 Aprili 1987

Ito,

Safari hii salamu zangu ni za Duma. Mwambie pole kwa saa ishirini, na hongera. Wewe nitakusalimu mwishoni, kama bado utakuwa unasoma.

Jumapili nilishuka ziwani kuosha nyuzi. Mzee Jonggi akaja na barua yako akamsomea Baba barazani, kwa ile sauti anayosomea matangazo ya kanisani. Mama Poltak alikuwa anaanika mpunga upande wa pili wa ua, kwa hiyo sasa kijiji kizima kimeisoma. Nilipopanda na beseni, Mzee Jonggi alikuwa anakunja miwani, na hakunitazama.

"Weka beseni," Baba akasema. "Mimi nina mjukuu?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, sikujua.

"Ninaye. Ana zaidi ya mwezi, na hana jina kwa sababu mimi nimekataa. Nimekataa nini?"

Nikaketi chini, palepale penye maji.

Marihot, Baba hakukataa jina hata moja. Sikumsomea. Barua zako zilipofika nilimsomea salamu, habari za Duma, habari za paa. Nikifika kwenye majina nakunja karatasi. Aliuliza kila mara, "Hawajasema watamwitaje?" Nami nikamjibu, "Bado wanatafuta, Baba." Suruali ya viraka, ngumi, dawa ya kikohozi, magoti ya mwenye kinu, vyote nilivitunga mimi hapa mtini nikifuma. Lile la jina zito nililitoa katika barua yako ya mwaka juzi, ulipoandika habari za mama mwenye nyumba. Ronggur tu ndilo lililokuwa kweli.

Baba akaniuliza kwa nini. Nitakuandikia nilivyomjibu.

Nina miaka thelathini na tisa. Mama alipokufa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilibaki kukupikia, kisha nikabaki kumwongoza Baba, na waliokuwa wakija kuniposa wakachoka njia. Sina mtoto, kwa hiyo hakuna atakayeniita Mama Fulani. Na unajua watu wetu, jina tupu la mtu mzima hawalitaji, ni utovu wa adabu. Kwao mimi ni "binti wa pale", ni "yule mfumaji", ni "dada yake msomi". Jina langu linatamkwa kwa sababu ya Baba peke yake. "Baba Rumondang, mvua hiyo!" "Baba Rumondang, njoo ule!" Nikiwa mtini nalisikia mara kumi kabla ya jua la utosi. Hata msalaba wa Mama umeandikwa Mama Rumondang. Niliposoma kwamba Duma ana mimba nilifurahi, naapa. Halafu nikahesabu miezi, nikaona kwamba ikifika Februari nitanyamaziwa. Sikutaka kulizuia jina. Nilitaka kulichelewesha. Barua moja, kisha nyingine moja.

Baba akaacha kiko chake kizimike.

"Nimelibeba jina lako miaka thelathini na tisa," akasema. "Silalamiki, ni jina zuri. Lakini, mwanangu, nimezeeka ndani yake. Niache nitoke."

Kisha akaniambia nimtajie yote matano. Kwa Merdeka alicheka mpaka akakohoa. Kwa Ronggur alivua kofia. Akarudi kwenye la nne.

"Lile fupi, lina maana gani?"

"Nalar, Baba. Ni akili. Ile ya kupimia mambo."

"Nalar." Akalijaribu mara tatu. "Hata kinywa kisicho na meno kinaliweza. Mwandikie mdogo wako ampe hilo. Afadhali mmoja katika nyumba hii awe nayo."

Kuhusu barua yako amemwomba Mzee Jonggi amwachie, na ameiweka chini ya mkeka wake, ingawa haoni kuisoma. Sijui ataifanyia nini.

Salamu zako ndizo hizi.

Rumondang


Yogyakarta, 2 Mei 1987

Rumondang,

Nimeandika majibu manne nikayachana. La kwanza lilikuwa na hasira, la pili lilikuwa na hasira yenye marejeo, la tatu lilikusamehe kwa namna ambayo Duma alipoisoma alisema, "Ukimtumia hii, mimi narudi kwa mama yangu." La nne silikumbuki.

Mtoto ni mzima. Anaitwa Nalar. Ameandikwa serikalini na atabatizwa Jumapili ya tatu ya mwezi huu. Mama mwenye nyumba aliposikia alilia, akapika wali wa manjano kwa ajili ya jengo zima. Mimi sasa ni Baba Nalar. Wanafunzi wangu wa kwetu wameanza kuniita hivyo, na mara mbili nimekosa kugeuka.

Nataka kusema jambo moja bila kulijadili, na huenda nikashindwa. Nilizisoma zile hapana nne na sikushuku hata moja, mimi ninayefundisha vijana kushuku. Nimejiuliza sababu. Ni kwamba zilinifaa. Nilitaka kuwa na baba wa kubishana naye, nawe ukanitumia mmoja, mcheshi na mkaidi, kwa posta. Aliye kweli alikuwa ameketi barazani akiuliza tutamwitaje. Barua niliyomwandikia yule wa kwanza imemfikia huyu wa pili, nayo haiwezi kurudishwa.

Kuhusu wewe: nimezipitia nakala zangu. Katika barua zote nilizokuandikia tangu nilipokuja huku, sijaandika jina lako hata mara moja, ila nilipokuwa namtaja Baba. Ndiyo maana leo nimeanza kama nilivyoanza.

Na nina pendekezo. Cheti cha ubatizo bado hakijaandikwa. Mtoto aweza kuitwa Nalar Rumondang. Nimelifikiria kwa pande zote na sioni pingamizi lenye nguvu. Kwa njia hiyo Baba ataendelea kulibeba. Nijibu haraka.

Marihot


Lumban Dolok, 31 Mei 1987

Ito,

Barua yako ilinifikia siku nne baada ya huo ubatizo, kwa hiyo natumaini hukufanya ujinga. Kama ulifanya, ufute. Jina la shangazi aliye hai hapewi mtoto, na mtu hawi babu wa binti yake mwenyewe. Hilo ndilo pingamizi lenye nguvu, nawe ungeliona kama ungemwuliza mtu yeyote hapa anayejua kula kwa mkono. Na usinianze tena kwa jina langu kama mwenzako wa shule. Nilishtuka nikadhani kuna aliyekufa. Mimi ni ito wako.

Tu wazima. Vitunguu safari hii vimekubali. Mama Poltak ameng'olewa jino na anazungumza kidogo kuliko kawaida, kwa hiyo kuna utulivu.

Jumapili iliyopita tulifanya shughuli ya Baba. Hatukuwa na mtoto wa kumpakata, lakini Mzee Jonggi alisema jina likishafika, mwenyewe anaweza kuja baadaye. Nilipika samaki mkubwa wa rangi ya dhahabu na ile pilipili. Mwambie Duma samahani. Baba alivaa shuka niliyomfumia, akaketi mkekani, na wazee wenzake wakamtia punje za mchele kichwani mmoja mmoja ili roho yake iwe ngumu. Kisha Mzee Jonggi akasimama akatangaza, "Kuanzia leo, huyu ni Babu Nalar," nao wakapaza "Horas!", yaani uzima, mara tatu. Mzee wa kinu akauliza Nalar ni nini. Baba akamjibu, "Ni kitu ambacho wewe ungekuwa nacho usingeuza nyati wako kiangazi." Wakacheka sana. Mizaha yake mwenyewe ni mizuri kuliko niliyomtungia.

Aliniomba nikwambie kwamba barua yako amewasha nayo kiko, na karatasi za chuo chenu zina ladha mbaya. Mje Desemba, mmlete huyo mtoto amshike mwenyewe. Kikohozi kimekuwa cha kutwa sasa. Nilikuandikia kwamba si kitu, na hilo pia halikuwa kweli. Mje kabla ya Desemba kama mnaweza.

Mimi sijui nikwambie nini. Jumatatu nzima nilikaa mtini nikisikiliza. "Babu Nalar, umeamkaje!" "Babu Nalar, habari za mjukuu!" Walilizoea kwa siku moja, Marihot. Nilidhani watakosea angalau wiki mbili. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimekata nyuzi mbili kwa sababu sikuwa naangalia mikono.

Jana alasiri Mama Poltak akaja uani. Zamani akinitaka mimi hupitia kwa Baba, angesema, "Baba Rumondang, huyo binti yako yupo?" Nikamsikia anaanza, "Baba Ru...", akajirudi. Akasimama. Nikamwona kwa upenyo wa ukuta amejishika kiuno, anatafuta njia ya kusema, na kwa jino lile lililotoka, hata kutafuta kwenyewe kulikuwa kazi. Mwisho akakata tamaa na adabu.

"Rumondang!"

Sikutikisika. Nilingoja Baba aitike, kama siku zote. Baba naye alikuwa barazani, hatua tatu kutoka nilipo, hakuitika.

"Rumondang! Umekuwa kiziwi?"

Hapo Baba akageuza uso kuelekea nilipoketi.

"Si mimi tena," akasema. "Unaitwa wewe."

Nikatoka. Alikuwa anataka kuazima ungo.

Rumondang